Kilo Zilizopigiwa Kelele Barazani

Wadogo zangu mnaobaki na mizani, mmeniomba niwaandikie. Mie si mwandishi. Shule yangu iliishia darasa la nne, na mkono wangu umezoea fagio kuliko kalamu. Lakini barua ya kupunguzwa kazi nimeshaipokea, muda ninao, na yapo majina niliyoyanyamazia miaka mingi. Kunifukuza mara mbili hawawezi.

Habari za vyeo sitaziandika, maana sikupanda hata kimoja. Niliingia mhudumu, nimetoka mhudumu. Nitaandika habari za ile mizani ya chuma iliyokaa barazani, na habari za Bi Tatu, muuza vitumbua wa Mtoni, ambaye tulikaribia kumuua kwa midomo yetu. Nikisema sisi, namaanisha watu watatu: Sista Konsolata, Shaweji muuza chai, na mie Mwanahawa. Wengine waliokuwepo walicheka tu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo na dekio. Baraza letu mnalijua, refu, sakafu ya saruji nyekundu, ukiidekia vibaya inakuumbua mbele ya kila mtu. Nilidekia miaka. Kisha macho ya Mzee Nambunga, mpimaji wa kliniki, yakaanza kumchezea, anaona sita anasema tisa, wakatafuta mtu wa kushika mizani badala yake kila Jumatano, siku ya kliniki ya sukari na presha. Nikachaguliwa mie. Msidhani kwa akili. Nilichaguliwa kwa sauti.

Ilikuwa hivi. Mizani ilikaa upande wa mlangoni. Sista Konsolata, mkuu wa kliniki, alikaa mwisho kabisa wa baraza na meza yake ya mafaili, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na upepo. Katikati, mabenchi mawili ya wagonjwa. Kusogeza meza hawakutaka, kusogeza mizani hawakutaka, basi ukawekwa utaratibu: anayepima apige kelele, Sista aandike. Mgonjwa anapanda, nasukuma jiwe kubwa kwenye fimbo ya mizani, nasogeza jiwe dogo, fimbo ikitulia napaza sauti:

"Mama Rukia! Themanini na tisa! Imepanda mbili!"

Benchi zima: "Heee!"

Na Sista huko kwenye upepo wake: "Mama Rukia, hao watoto wako wanakula, au unawalia?"

Watu wanavunjika mbavu. Mie nilikuwaga wa kwanza kucheka. Nilijiona na mie nina kazi ya maana, mtu mzima anasimama mbele yangu anatetemeka.

Mzee Nambunga hakuwa anacheka. Alikuwa mtu wa kusini, Mmakonde, anakaa Tabata, baba yake mchonga vinyago. Aliniambia yeye alishindwa kuchonga kwa sababu hakuwa na subira, na mie sijapata kuona mtu mwenye subira kama yule, kwa hiyo huyo baba sijui alikuwaje. Ndiye aliyenifundisha kazi. Asubuhi, kabla mtu hajafika, pangusa pa kukanyagia, rudisha mawe yote kwenye sifuri, tazama fimbo kama inalala katikati. Kisha pima ndoo tupu. Ijaze maji lita kumi, uzipime kwa chupa, halafu irudishe juu. Isipoongezeka kilo kumi kamili, mizani ina uongo, usimpandishe mtu.

"Lita moja kilo moja, binti," alikuwa akisema. "Maji hayamwonei mtu."

Upande wake yeye kulikuwa na meza ya vichupa vya kupimia mkojo. Matone manane kwenye dawa ya buluu, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, sukari hakuna. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikifika rangi ya tofali, mtu yuko pabaya. Nyie siku hizi mna vijiti vya kuchovya, mnamaliza watu kumi kabla chai haijapoa. Sie tulichemsha.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Mafuta ya kula tuliyokuwa tukiyapangia foleni yakajaa kila kibanda. Siagi, soda, biskuti za nje, chipsi kila kona. Watu walikuwa wamekosa kwa miaka, wakala. Kliniki ikafurika. Sista Konsolata akawaita walafi, wakati makombo ya biskuti chini ya meza yake niliyafagia mie.

Pamoja na mafuta, ruksa ikatuletea Shaweji. Aliweka meza nje ya geti letu: mafuta ya nywele, miwani, na vipakiti vya kijani vyenye picha ya mwanamke kiuno kama nyigu. Chai ya kupunguza. Ndani hakuna zaidi ya majani ya kuharisha. Jumatatu na Jumanne alikuwa hashikiki kwa wateja, kwa sababu Jumatano ni mizani.

Hapo ndipo pana kosa ambalo sidhani kama linafanywa mahali pengine. Wagonjwa wetu walikuwa wanajiandaa na mizani kama watu wanavyojiandaa na mkaguzi. Wanafunga Jumanne, si kwa ajili ya Mungu, kwa ajili yangu mie na mdomo wangu. Wanakunywa chai ya Shaweji. Jumatano wanakuja na kanga nyepesi kuliko zote, wanavua bangili, wanavua hata hereni, mmoja alitaka kuvua meno ya bandia. Wakishashuka kwenye mizani, wanatoka getini wanakula kama watu waliofunguliwa jela. Wiki nzima. Mpaka Jumatatu.

Mzee Nambunga akaona. "Mizani inasema wanashuka," aliniambia siku moja, kashika kichupa chenye rangi ya tofali. "Hiki kinasema wanapanda. Mmojawapo anadanganywa."

"Sasa mie nifanyeje, mzee?"

"Wewe ndiye mwenye kelele. Fikiri."

Sikufikiri.

Bi Tatu alikuja kwetu akiwa na kilo tisini na nane, na kidonda cha mafuta ya moto kwenye mguu ambacho hakikutaka kukauka. Ndicho kilichofanya akapimwa, akaonekana ana sukari. Mwanamke wa pwani hasa, ulimi haulali. Siku ya kwanza nilipoita kilo zake, Sista akasema, "Tisini na nane! Bibi, hivyo vitumbua vinafika kwa wateja kweli?"

Bi Tatu akaweka mkono kiunoni. "Sista, mie ndiyo duka lenyewe. Hao wenzangu ni vibao vya kuelekeza."

Benchi likalipuka. Nikampenda palepale. Lakini Jumatano ya pili alijibu kidogo, ya tatu akacheka tu, ya nne akapanda akiangalia ukuta. Sista akamwambia mguu utakatwa kwa sababu ya tumbo lake. Maneno hayo alimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa.

Siku hiyohiyo, sijui nini kilimpata, Sista akanigeukia mie. "Na wewe unayewapima wenzio, hebu panda tuone."

Nikacheka nikidhani utani. Haukuwa utani. Nikapanda, akaja mwenyewe kutoka kwenye upepo wake, akasukuma jiwe, akaita: "Themanini na tano! Haya, daktari wenu huyo!"

Mama Rukia ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa na haki yake.

Tangu siku ile na mie nikawa mteja wa Shaweji. Asubuhi chai ya kuharisha, mchana sili, saa tisa najifungia stoo ya mafagio nakula kiporo cha ugali, kisha najitukana. Gunia wee. Huna haya wee. Nikishajitukana nakula tena, kwa hasira. Mwilini nikapwaya, kumbe usoni zaidi, na mtaani kwangu Tandika wakaanza kunong'ona kwamba nimeukwaa ukimwi. Mnajua miaka ile mtu akikonda alisemwa nini. Mama mkwe alinitengea kikombe changu. Mume wangu, Athumani, naye namtaja, hakuuliza lolote, alihama chumba.

Na katika hali hiyo, Bi Tatu aliponishika mkono getini akaniuliza, "Mwanangu, wewe umefanyaje ukapungua?" nikamwonyesha meza ya Shaweji. Kwa kidole hiki ninachoandikia.

Jumatano ya nne baada ya hapo alifika mapema, kakaa kimya, kanga imemganda mgongoni kwa jasho, na jua lilikuwa bado. Nikaona. Nikasema moyoni ni joto. Zamu yake ikafika, akapanda, fimbo ikatulia.

"Bi Tatu! Tisini na moja! Imeshuka saba tangu mwanzo!"

Sista Konsolata akapiga makofi. "Mnaona? Mnaona kumbe mtu akitaka anaweza?"

Bi Tatu akanitazama, akaniita, "Zuhura." Zuhura ni mdogo wake aliyekufa. Kisha akaanguka, kichwa kikagonga nguzo ya mizani.

Alikuwa amemeza vidonge vyake vya sukari kama alivyoandikiwa, bila kula tangu juzi yake, na tumbo limeshaoshwa na chai. Sukari mwilini ilikuwa imekwisha. Sista alisimama na kalamu mkononi kama sanamu. Mie nililia. Mzee Nambunga, mwenye macho mabovu, ndiye aliyekimbia.

"Sukari! Sukari ya chai yenu, lete!"

Nikaleta kopo. Akamlaza ubavu, akachovya kidole kwenye maji, kwenye sukari, akampaka ndani ya shavu, kidogokidogo, huku anamwita jina. Daktari akaja na sindano. Muda kidogo Bi Tatu akafungua macho. Tulimwinamia wote, tunangoja neno lake la kwanza.

"Imesoma ngapi?" akauliza.

Hilo swali ndilo ninalolisikia nikiwa peke yangu. Mtu ametoka kuzimu, anauliza kilo.

Jumatano iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Wiki ya tano Mzee Nambunga akachomoa kadi ya Bi Tatu, akaniwekea mbele. "Vidonge vyake viliisha zamani. Ule mguu unaujua. Nenda."

"Sista hajanituma."

"Nakutuma mie."

Nilimkuta Mtoni, uani kwake, yuko kwenye chuma cha vitumbua, mguu umefungwa kitambaa, na harufu ya kile kitambaa niliisikia kabla ya harufu ya iliki. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Bi Tatu, rudi kliniki. Mguu huo utaondoka."

"Nirudi wapi? Kwenu mimi nguruwe. Hapa mtaani nilipopungua zile saba wakasema nimeukwaa, wateja wakaacha kununua vitumbua vyangu. Kwenu mnene, kwangu mgonjwa. Nikakae baharini?"

Akageuza vitumbua, kimoja akakitia mdomoni, uso ukamkunjamana. "Unaona? Nimekula. Na nilisema leo sili hata kimoja. Kwa hiyo leo imeshaharibika, nitakula kumi. Gunia mimi. Sina haya."

Nikaketi chini kwenye kigoda kama nimesukumwa. Maneno yangu yaleyale, ya stoo ya mafagio, yalikuwa yanatoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nikamwambia yote. Chai, kiporo, kikombe changu kwa mama mkwe. Nikamwambia kwamba hata Shaweji nilimwonyesha mie hali najua ile chai inavyoniua.

Nilitegemea anipige na kijiti cha kugeuzia. Akakiweka chini.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Na wewe wanakufanya hivyo?"

"Hukasiriki?"

"Nitakasirika baadaye. Sasa hivi umenitia huruma."

"Bi Tatu, mbona hujaniita gunia?"

"Wewe? Nikuite wewe gunia? Wewe si ni mtu!" Kitumbua kikaungua mbele yetu, wala hakukiangalia. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Ala. Kwa hiyo mtu ni wewe tu."

Hapa kwetu mtu akijikwaa hata hatumjui tunampa pole. Akimwaga mzigo, pole. Akitoka kazini, pole. Ukipiga chafya unapewa. Lakini sijapata kumsikia mtu anajipa mwenyewe. Bi Tatu alijipa siku ile mbele yangu, kwa haya, kama mwanamwali: "Pole, Tatu." Kisha akasema, "Nimekula kimoja. Basi nimekula kimoja." Akaviweka vilivyobaki kwenye beseni la biashara, akavifunika.

Akatoa masharti. Atakuja Jumatano, atakuwa amekula asubuhi, na kilo zake hazipigiwi kelele. "Ukizipigia kelele nashuka naondoka, na mguu uoze, dhambi yako."

Jumatano akaja. Nikampandisha, fimbo ikatulia, tisini na sita. Baraza zima linangoja. Nikachukua kipande cha karatasi ngumu niliyokata kwenye boksi la dawa, nikaandika, nikakigeuza chini, nikampa mkononi.

"Ngapi?" Sista akaita.

"Imeandikwa, Sista."

"Sikusikii!"

"Nimesema imeandikwa. Anakuletea mwenyewe."

"Mwanahawa! Umekuwa bubu leo? Ngapi?"

Nikarudisha jiwe dogo kwenye sifuri. Mbele ya watu wote nikasema, "Sista, mie sipigi kelele tena." Ndiyo hotuba yangu yote katika miaka yote ya kazi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Rukia. Akaja akapanda kabla ya zamu yake. "Na mie nipe kikaratasi," akasema. Wakafuata wengine. Hakuna aliyecheka.

Barua ya onyo niliipata Ijumaa, na mizani nikanyang'anywa nikarudishwa kwenye dekio. Kwa mwaka mzima na zaidi. Lakini aliyerudishiwa mizani ni Mzee Nambunga, macho yake yaleyale mabovu, naye akamwambia Sista hawezi kupiga kelele, kifua kinambana. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Vikaratasi vikaendelea. Ndipo Mzee akaongeza lile swali ambalo nyie mnadhani lilikuja na semina: kabla hujapanda, umekula asubuhi? Hajala hapandi, anapewa kwanza uji.

Bi Tatu hakuwa mwembamba, na msisubiri niwaambie alikuwa. Alishuka kilo moja, akakaa. Akapanda nusu msimu wa harusi, akajipa pole, kesho yake akala kama kawaida, mboga, dagaa, ugali wa ngumi moja, na akatembea kwa mguu mpaka sokoni. Zamani siku moja ikiharibika aliharibu wiki. Ilipofika miaka miwili alikuwa themanini na saba, vichupa vyake vinatoka kijani, mara nyingine buluu, na mguu umefunga kovu. Sista alimwita mbele ya wageni akamsifu, akasema huyu tulimkazania. Tulimkazania!

Sista Konsolata alihamishwa, hakuniomba radhi, na sikumwomba aniombe. Kama mnamjua mwambieni nimeandika jina lake. Shaweji siku hizi ana duka. Athumani alioa. Mzee Nambunga tulimzika, na chupa yake ya lita moja ninayo. Nami nilijifunza kula mezani, mchana, mbele ya watu, na hilo lilinichukua muda mrefu kuliko kitu chochote nilichofundishwa kazini. Ninayo bado siku za stoo. Nazipita.

Sasa ile siku yangu ya mwisho, wengine mlikuwepo. Barua ya kupunguzwa nilikuwa nimepewa Jumanne, usiku sikulala, asubuhi sikuweza kumeza kitu. Nikaja kusawazisha mizani na ndoo kama kawaida. Bi Tatu, amezeeka, meno mawili hana, akatoka benchini akasema, "Leo unapimwa wewe. Panda."

Nikapanda. Akasukuma jiwe kubwa, akasogeza dogo, anajua kila kitu, ameniangalia miaka mingapi. Fimbo ikatulia. Akanitazama usoni, si kwenye fimbo.

"Mwanahawa, umekula asubuhi?"

Nikatazama ukuta.

Akavuta pumzi, akajaza kifua kama nilivyokuwa nikijaza mie zamani, nikajua anachotaka kufanya, nikafumba macho. Sauti yake ikafika mpaka dirisha la dawa:

"Huyu hajala!"

Benchi zima: "Heee!"

"Shuka," akaniambia, sasa taratibu, anafungua kitambaa kilichofunga vitumbua. "Pole, mwanangu. Shuka ule kwanza."

Nikashuka, nikala. Kilo zangu siku ile hazikuandikwa popote.